Kukaa barzani ni uzururaji?

Kijana wa Mkunazini:
Assalaam aleikum. Juzi baada ya sala ya isha, vijana wa mtaani kwetu walikuwa wamekaa barzani, kwenye kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, wakinywa kahawa, akapita askari na kuwaamuru waondoke kwa kuwa wanazurura. Naomba wenye ujuzi wanieleze: mtu aliyekaa kitako mlangoni kwa jirani yake anakuwaje mzururaji?

Mwalimu wa Chake:
Waaleikumu salaam. Kwa Kiswahili chetu, si mzururaji. Kuzurura ni kwenda huku na huku bila ya shughuli maalumu, ndiyo maana mzazi humgombeza mtoto anayeranda vichochoroni tangu asubuhi, asimgombeze aliyetulia akicheza bao. Sheria zenye asili ya Kiingereza, kinyume chake, humlenga hata aliyebaki mahali pamoja pasina sababu inayoonekana, na maana hizo mbili tumezipa jina moja, uzururaji.

Mwanasheria, Vuga:
Mwalimu amesema kweli. Mizizi ya sheria hizo imo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyowaandama masikini wasio na makaazi, kisha ikasambazwa makoloni. Zanzibar tuna sheria yetu ya adhabu. Kwa upande wa Bara, kifungu cha 177 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa hata mtu anayeshukiwa tu, asiyeonekana kuwa na njia ya kujikimu na akashindwa kujieleza. Tarehe 4 Disemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa sababu maneno yake ni mapana mno na humwadhibu mtu kwa ufukara wake badala ya tendo lake. Kwa maoni yangu, vijana wana haki ya kuuliza, kwa adabu, wametenda kosa gani.

Bint Malindi:
Barza ya mawe hujengwa pamoja na nyumba ili ikaliwe. Hapo mgeni hupokewa bila ya kuingia ndani, na mvua kubwa ikijaza maji kichochoroni, watu hupita juu yake. Vijana wakipiga kelele usiku, waambiwe wapunguze sauti, wasiitwe wazururaji.

Kijana wa Mkunazini:
Ahsanteni sana. Nitamwendea sheha wetu, kiongozi wa serikali hapa mtaani, nimwombe alizungumze suala hili na askari wa zamu.