Mrejesho: imeili za wazazi, shule yetu ya Likoni

Jamani nimerudi, mie yule niliyeuliza vipi tutume imeili kwa wazazi bila kila mtu kuona anwani za wenziwe na majibu kumiminikia wote. Tumefungua Google Groups, yaani huduma ya Google ambapo imeili moja yawafikia memba wote wa grupu, kila darasa na grupu lake, tukaseti walimu pekee ndio watume, mzazi akijibu jibu lamfikia aliyetuma tu, na orodha ya memba yaonekana na wasimamizi peke yao. Walonambia nitumie Bcc, kile kisanduku cha imeili kinachoficha anwani za wapokeaji, asanteni pia, ila Gmail ya bure mwisho watu 500 kwa siku, tena kumtoa mzazi aliyehamisha mwanawe ni kazi. Hili la anwani si mchezo wallahi, Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Wasokuwa na imeili twawapelekea SMS.