Mtoto mwenye kipaji cha pool: tumfukuze mezani au tumtafutie sehemu yake?

Wadau habari za saa hizi. Naleta hii mada kwa sababu mtaani kila nikiigusia naishia kwenye kelele, nikisema dogo wa miaka 13 au 14 mwenye mkono mzuri asifukuzwe kwenye pool naambiwa nataka kuharibu watoto wa watu. Tubishane hapa basi, kwa hoja.

Mwaka 2005 kule Kaohsiung, Taiwan, Wu Jia-qing alibeba ubingwa wa dunia wa pool ya mipira 9 akiwa na miaka 16. Kumi na sita jamani, kwetu huyo bado yuko sekondari na sare yake, na mwaka huohuo akabeba na wa mipira 8. Mwaka 2018 Doha akaja Mjerumani Joshua Filler, miaka 21. Mwaka uliofuata palepale Doha akabeba Fedor Gorst wa Urusi, miaka 19, na ndio huyuhuyu Gorst aliyeshinda tena 2024 Jeddah, safari hii akichezea Marekani, akaondoka na dola 250,000. Sasa mtu anakuwa bingwa wa dunia na miaka 16 au 19, mnadhani fimbo alianza kuishika lini? Efren Reyes wa Ufilipino, ambaye wengi wanamtaja kuwa bora kuliko wote waliowahi kucheza, alikulia kwenye ukumbi wa biliadi wa ndugu zake Manila, akawa anapanda juu ya makreti ya soda ndio aifikie meza.

Kwetu meza iko wapi? Bar. Muziki juu, anayefungwa analipia meza au ananunua bia, na pembeni kuna watu wameweka hela zao kwa dogo mmoja dhidi ya mwenzake. Mzazi akikataa mwanae asikanyage pale mimi namuelewa kabisa, hata mimi wa kwangu nisingemruhusu. Ila tunachokataza ni mchezo wakati kinachotuudhi ni mahali ulipowekwa. Ujerumani kuna klabu za pool zinacheza ligi, mtoto anajiandikisha, ana kocha, na Ulaya kuna ubingwa wa vijana ambako hao kina Gorst walipita kabla hawajaenda kupambana na wakubwa.

Halafu kuna hili la meza zenyewe, na hapa ndio huwa naumia. Sisi tumezoea meza ya futi 7, mipira midogo. Hao mapro wanacheza futi 9, mipira mikubwa, masafa marefu, na kwenye mipira 9 lazima uanze kugusa wenye namba ndogo kabisa uliobaki mezani, kwa hiyo kila pigo unawaza mpira mweupe utasimama wapi baada ya hapo. Dogo anayetutetemesha mtaani ukimpeleka kule ghafla atakosa mipira ya kawaida kabisa na tutasema hana kitu, kumbe hajawahi kuigusa ile meza hata siku moja.

Hoja yangu: halmashauri na chama cha mchezo watenge kumbi zisizo na pombe wala kamari, hata ukumbi wa kata unatosha, jioni baada ya shule, na angalau mkoa uwe na meza moja ya futi 9. Karibuni.

MCHANGIAJI:
Mkuu nakuheshimu lakini unatutajia walioshinda tu. Kwa kila Wu kuna vijana wangapi wameacha shule wakaishia kucheza kwa buku mbili mbili? Mimi ni mzazi. Na ubingwa hauna haraka hiyo, 2025 hapohapo Jeddah aliyebeba ni Carlo Biado wa Ufilipino, miaka 41, kamfunga huyohuyo Gorst wako 15 kwa 13. Huyo Biado alishawahi kuwa kedi wa gofu, kabeba mikoba ya watu. Mtoto amalize shule kwanza, pool haikimbii.

MLETA MADA:
Mzazi mwenzangu, la shule tuko pamoja na ndio maana nimesema jioni, na mimi ningeongeza dogo asiyeonekana darasani asipewe fimbo, mwalimu wake awe na namba ya msimamizi wa ukumbi. Biado mfano mzuri sana, ila ametoka nchi yenye kumbi za biliadi mpaka vichochoroni, huyo hata akichelewa meza ipo na wa kumfunga wapo kila siku. Wetu akisubiri mpaka afike 18 anaingia rasmi kwenye mchezo kupitia mlango uleule wa bar, anakuta mchezo pamoja na pombe na dau, na hakuna mtu mzima wa kumwambia simama vizuri, kiwiko kisiyumbe. Hao unaowasema wa buku mbili mbili wako vile kwa sababu hakuna aliyewawekea kitu kingine cha kuchezea zaidi ya hiyo buku mbili.

Swali langu kwako na kwa wengine: ukumbi wa kata ukiwa na meza, msimamizi anajulikana, saa 10 mpaka saa 12 jioni, hakuna hela mezani, mwanao utamkataza bado? Kama ndiyo, nipe sababu.