Simu za wanafunzi: tuendelee kuzikamata au tuzifundishie?

Chaki_Nyeupe
Wadau wa elimu, habari za jioni. Shule nyingi za sekondari hapa Tanzania mwanafunzi akikutwa na simu inachukuliwa, mzazi anaitwa. Likizo ikifika mtoto huyohuyo anashinda WhatsApp na TikTok, na hakuna aliyemfundisha kukagua hata ujumbe mmoja. Mimi nasema shule iwe na simu zake. Nane zinatosha darasa la watu 48. Zitoke kwenye kipindi pacha cha dakika 80 tu, kisha zirudi kabatini.

Mfano ni somo la malaria. Unaandika ubaoni dai linalosambaa kwamba maji ya mwarobaini yanatosha kutibu malaria. Dakika 15 za kwanza hakuna simu: kila mmoja achore mzunguko wa Plasmodium, kimelea cha malaria, kwa kichwa chake, kwenye ini kwanza, kisha chembe nyekundu za damu, na aonyeshe dawa inapaswa kumpiga mdudu wapi. Halafu kundi la watu 6 wanapewa simu moja, dakika 35. Wajibu matatu: nani kasema, ushahidi wake upi, na wasio na dawa ya kuuza wanasemaje. Muda unaobaki wausahihishe mchoro wao na kutetea jibu. Ukiuruka mchoro wa mwanzo watanakili tu, maana habari mpya haina pa kushika. Mwanasaikolojia wa elimu Ausubel alilisisitiza hilo tangu miaka ya 1960: tunajifunza kwa kuunganisha jipya na tunalolijua.

Ruksa, au marufuku iendelee?

Mama_Mbagala
Marufuku iendelee. Mtihani wa taifa wa NECTA ni kalamu na karatasi. Na kabla hamjaomba simu, mtuambie vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu vimefanya kazi gani. Vingi viko majumbani kwenu, watoto wenu wanachezea gemu.

Ticha_wa_Fizikia
Shikamoo mama. Hilo la gemu ulifute. Kishikwambi hakikuja na bando wala projekta. Darasa la watu 70, kioo cha inchi kumi, aliye dawati la tatu haoni kitu. Shule isiyo na umeme mwalimu anachaji wapi? Na betri ikiachwa sifuri miezi miwili inakufa, hata chaja haiitambui. Kabla ya kututukana ungeuliza.

Mama_Mbagala
Marahaba. Sifuti. Nimeuliza kazi, umenijibu betri.

Ticha_wa_Fizikia
Kazi ipo. Maazimio ya kazi na maandalio ya somo tunaandikia humohumo, vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) tunapakua humohumo. Hayo mzazi hayaoni kwa sababu hayafanyiki mbele yake.

Binti_Pangani
Ticha, maandalio ya somo ni kazi ya mwalimu. Mada ni mwanafunzi kushika kifaa.

Fundi_Waya
Mnagombania bando ilhali kuna njia isiyohitaji bando. Chukua Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, kadi ya GB 128, pakia Kolibri, programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, ongeza ruta ya kawaida. Wanafunzi wanaingia kwa Wi-Fi, masomo yote yamo ndani, intaneti haihitajiki. Wengi wanakwama kwenye umeme. Kifaa kinataka volti 5 na ampea 3. Ukikipa chaja ya simu ya kichovu kinajizima katikati ya kipindi. Kosa jingine ni kuchomoa waya badala ya kukizima kwa amri, kadi inaharibika na kazi yote unaanza upya. Tengeneza nakala ya kadi siku ya kwanza. Na msitegemee Wi-Fi yake ya ndani kwa darasa zima, inazidiwa mapema, ndiyo maana nimetaja ruta.

Binti_Pangani
Fundi, umeleta maktaba, na maktaba ni nzuri. Ila kukagua habari hakufundishiki ndani ya sanduku ambalo kila kilichomo kimeshachujwa. Stanford walifanya utafiti uliotoka 2017: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo chao walipewa tovuti wazikague. Wahakiki waliwashinda wote, hata maprofesa. Hawakukaa kusoma ukurasa. Walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kuona wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti. Mtoto atatokaje wakati mlango haupo?

Na makundi yachungwe. Anayeshika simu ndiye anayefikiri, watano wanatazama. Badilisha mshikaji kila dakika 6 na kila mmoja aandike kwenye daftari lake. Watafute pia kwa lugha mbili. Ukitafuta mwarobaini na malaria kwa Kiswahili mara nyingi unaanza kukutana na wauza dawa, kwa Kiingereza tafiti zinajitokeza mapema zaidi. Tofauti hiyo peke yake inatosha mjadala wa darasa.

Fundi_Waya
Sawa, tupige hesabu ya bando basi. Simu 8, kila moja ifungue kurasa 15, kila ukurasa tuseme MB 3: hiyo ni MB 360. Weka MB 500 kwa kipindi. Bando haliliwi na kurasa, linaliwa na programu zinazojisasisha zenyewe na video zinazojicheza. Kwenye kila simu ingia mpangilio wa Wi-Fi, uuweke mtandao huo kuwa wa kulipia kwa kipimo, kisha Play Store zima usasishaji wa kujiendesha. Usipofanya hivyo GB 1 inakata kabla hamjaandika swali la pili.

Mama_Mbagala
Kwa hiyo ni mchango mwingine. Elimu bila ada tangu 2016, lakini kila mwezi kuna jambo. Semeni wazi mzazi atalipa kiasi gani.

Nakuru_Mwalimu
Wandugu wa huko chini, jifunzeni kwetu Kenya. Laptopu tuliahidiwa kwenye kampeni za 2013, zikaja tableti za Darasa la Kwanza 2016. Shule ikapata pia laptopu 2 za walimu, projekta na ruta. Pesa ya vifaa ilipatikana. Zilivyofika, shule nyingi zilizifungia stoo kwa kuogopa wezi, kwa sababu mwalimu mkuu ndiye atakayeulizwa ikipotea. Kifaa kisicho na bajeti ya kuharibika kitakaa kwa kasha lake.

Ticha_wa_Fizikia
Umesikia mama? Stoo, sio gemu.

Mama_Mbagala
Hiyo ni Kenya. Mimi nazungumzia Mbagala.

Chaki_Nyeupe
Jamani, swali langu lilikuwa ruksa au marufuku. Mama, mchango siutaki hata mimi. Vishikwambi vya walimu 8 vikiazimwa kwa kipindi kimoja, bando la MB 500 likanunuliwa na shule, somo linaendeshwa. Ila hapo akaunti binafsi za walimu lazima zifichwe: fungua mtumiaji wa pili kwenye kifaa, mwanafunzi aingie huko, asione ujumbe wala picha za mwenyewe.

Ticha_wa_Fizikia
Changu siazimi. Kikivunjika kioo nani analipa? Nimekisainia mimi.

Nakuru_Mwalimu
Ndio hiyo nilikuwa nasema.

Binti_Pangani
Iandikwe kwenye kikao cha bodi ya shule kabla ya kipindi cha kwanza: kioo kikivunjika darasani, shule inatengeneza. Bila muhtasari uliosainiwa hakuna mwalimu atakayetoa.

Mama_Mbagala
Kwenye bodi hiyo wazazi tumo. Na ufunguo wa kabati atakaa nao nani?

Fundi_Waya
Makufuli mawili. Ufunguo mmoja akae nao mwalimu wa taaluma, mwingine mwalimu wa TEHAMA. Na wakati wa likizo betri ziachwe kwenye asilimia 50, zisijae na zisiishe.