Babu yangu Mtaliano, fundi wa korona Muheza: alifikaje huku?

MjukuuWaBepe
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Babu mzaa mama alikuwa Mtaliano. Watu wa shambani walimwita Bepe, na aliposilimu ili amwoe bibi, Mdigo wa Pongwe, akapewa jina la Yusufu. Ndilo alilozikiwa nalo. Alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, katika shamba moja Muheza tangu mama hajazaliwa. Mashamba yalipotaifishwa 1967 wenzake wengi walifungasha, yeye akabaki, akawa anatengeneza mashine za kusaga za watu mtaani.

Mimi nilimkuta mzee, masikio yameshakufa kwa kelele za korona. Ukimtaka unamgusa bega. Bibi akisimulia kwamba enzi za kazi hakumruhusu kuingia ndani na shati, alivulia uani, kwa ile harufu ya maji ya mkonge na muwasho wake.

Ugomvi wao ulikuwa tambi. Bibi anazikaanga, anatia tui, sukari na iliki kama tulavyo sote. Babu akiona sukari anashika kichwa. Za kwake alikanda mwenyewe, unga na mayai, akasukuma kwa chupa ya soda, akazikata kwa kisu na kuzianika kwenye kamba ya nguo, sisi wajukuu kazi yetu kufukuza kuku. Anazila na nyanya na kitunguu saumu. Sikukuu zikipikwa sufuria mbili, na kila mmoja anasema cha mwenzie ni chakula cha mgonjwa.

Sasa tunamsomea hitima, na mimi nimetwishwa kuandika maisha yake. Hapo ndipo balaa. Mjomba anasema babu alikuwa mateka wa vita, Waingereza walimkamata Uhabeshi. Mama hataki hata kusikia: "Baba yangu alikuja kwa meli kutafuta kazi, hakuwa mateka wa mtu." Mwenyewe ukimuuliza alijibu, "Nilikuja kufunga mashine," basi.

Kilichobaki ni mkebe wake wa sigara, wa bati. Chini umekwaruzwa kwa kitu cha ncha: mlima wenye vilele viwili, halafu 354, halafu 1943. Kuna anayejua ni nini? Na nianzie wapi kuandika?

FundiMstaafu
Marahaba mjukuu. Anzia korona. Watu wakisikia Mtaliano wanataka habari za Roma, na huyo mzee kala maisha yake yote Muheza! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, tukiongoza dunia nzima. Jani la mkonge likikatwa halingoji, lazima lipite korona upesi. Ikisimama korona, wakataji wamekwama, troli zimejaa, wa kuanika hawana cha kuanika, na meneja anatukana watu wote isipokuwa fundi. Babu yako alikuwa huyo asiyetukanwa. Andika hilo kwanza.

Chumbageni_77
Dada, sema ukweli, unatafuta pasi ya Ulaya. Lakini ujue mwaka 2025 Italia wamebana uraia wa nasaba, sasa hawavuki babu na bibi.

MjukuuWaBepe
Ningetaka pasi ningekwenda ubalozini, nisingekuja kuwasimulia habari za tambi. Shikamoo tena mzee, nimekuelewa.

Bi_Makorora
Mwanangu, hiyo 354 imenishtua. Kambi ya mateka wa Kitaliano iliyokuwa Nanyuki, Kenya, chini ya Mlima Kenya, ilikuwa kambi namba 354. Januari 1943 mateka watatu, mmoja wao Felice Benuzzi, walitoroka pale wakapanda mlima kwa vifaa walivyojitengenezea, wawili wao wakasimika bendera yao kwenye kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi wenyewe kambini. Na vilele viwili vikubwa vya mlima ule, Batian na Nelion, vimesimama bega kwa bega. Sisemi babu yako alipanda. Nasema aliyekwaruza mkebe ule huenda kila asubuhi aliuona mlima ule, kama si yeye basi mwenzie aliyempa.

Na usiwagombanishe mama na mjomba, huenda wote wanasema kweli. Mussolini alipovamia Uhabeshi mwaka 1935, Wataliano kwa maelfu walipelekwa kujenga barabara, mafundi na vibarua, wakashukia bandari ya Massawa, Eritrea. Meli ipo, kazi ipo. Tena Massawa, si Tanga. Vita vilipofika kule, Waingereza walikamata watu wengi mno: ngome ya Wataliano ya Amba Alagi ilianguka Mei 1941, ya Gondar Novemba, na mateka wengi wakaletwa Kenya. Lile kanisa dogo la Mai Mahiu, barabara ya kuteremkia Naivasha, ni kazi ya mikono yao, 1942. Vita vilipokwisha wengi walirudishwa kwao, wachache wakabaki, na fundi mitambo mwenye shamba gani angemkataa?

Kuthibitisha: tafuta kwa jina la Giuseppe, ndilo hufupishwa Bepe, na ukoo wake, hiyo Yusufu Italia hawaijui. Ukijua mwaka na mji aliozaliwa, kule nyaraka za jeshi zimehifadhiwa kwa mkoa na mwaka wa kuzaliwa, daftari lenyewe wanaliita foglio matricolare. Litaonyesha kama alikuwa askari na alikamatiwa wapi. Kama alikuwa raia tu halitasema mengi, hapo waandikie Msalaba Mwekundu, Geneva, wana kumbukumbu za mateka. Vitabu vya vizazi vya zamani vingi vimewekwa kwenye tovuti ya Antenati, bure.

MjukuuWaBepe
Bi Mkubwa, nimemsomea mama. Kanyamaza, kisha kauliza Massawa ni wapi. Mjomba yeye anatamba mtaa mzima kuwa kashinda, ingawa nimemwambia nusu tu.

FundiMstaafu
Mjukuu, yupo mzee mmoja Ngomeni alikuwa msaidizi korona enzi hizo, yeye na Bepe walikuwa hawaachani. Nitakupeleka Jumamosi. Tufike asubuhi, maana akishakula mchana hakumbuki hata jina langu. Na umchukulie tumbaku, ya kunusa, si sigara.