Tupeane uzoefu: butiloda (kiprogramu kinachoamsha mfumo) ilipokaa kwenye diski siyo yake

fundi_wa_ngamiani:
Wakuu habari za leo, naanza mimi maana wiki hii nimeumbuka. Nina kibanda Ngamiani hapa Tanga, jamaa kaleta desktopu nimuwekee SSD mpya (diski ya kisasa yenye kasi) nimpigie Windows 10, ile HDD (diski ya kuzunguka) ya zamani nikaiacha humohumo maana ina picha za harusi yake. Mashine ikawa inawaka chap, kalipa kaondoka. Kesho yake kachomoa HDD ampe mdogo wake, basi, kioo cheusi, hakuna cha kubuti. Karudi kaipakata kama mtoto mgonjwa na kibandani wateja wamejaa.

Kumbe Windows iko SSD ila faili za kuiamshia ziko HDD, seti-apu ikikuta patisheni ya EFI (kipande cha diski cha kuwekea faili za kuamshia) kwenye diski nyingine inaweza kuitumia hiyohiyo na wala haikuulizi. Nikabutia flashi ya Windows, Shift+F10 kufungua dirisha la amri, diskpart ya kugawa diski, nikamega MB 100 kwenye SSD nikaifomati FAT32 nikaipa herufi S, halafu bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, ikaandika humo faili za kuamshia. Angalieni herufi kwanza, ukibutia flashi C inaweza kuwa D, mi nilirudia mara mbili jasho linanitoka. Hela ya pili sikuomba, ningeanzia wapi?

binti_dunda:
😂 pole kaka. Mi niko Bagamoyo, kilaptopu changu cha zamani hakina hata UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine), nikaweka Ubuntu (aina ya Linux), ikawa haiwaki bila flashi, nikajua ndo ilivyo! Miezi miwili flashi naning'iniza na funguo za nyumba. Mjomba akaiazima aweke kaswida, kaipoteza kwenye maulidi. GRUB, butiloda ya Ubuntu, ilikuwa humo. Nikaazima nyingine nikabuti Ubuntu ya majaribio, lsblk kuorodhesha diski, diski yangu ikasomeka sdb, ndo maana mwanzo GRUB ilienda sda ambayo ni flashi. sudo mount /dev/sdb1 /mnt, kisha sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sdb. Hapo mwisho ni sdb tupu bila namba jamani, yaani diski nzima siyo patisheni

mzee_wa_waya:
Mi nikipiga windo nachomoa waya za diski zingine zote, nabakiza moja tu

binti_dunda:
Shikamoo mzee, na laptopu yenye diski mbili unachomoa nini?

mzee_wa_waya:
Marahaba. Naingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujaamka) naizima moja, ikigoma nafungua kifuniko cha chini, skrubu hazijawahi kumuua mtu

fundi_wa_ngamiani:
Mzee ungekuwa jirani yangu juzi ningekununulia chai na sambusa