Nataka kuizunguka Rwanda kwa baiskeli, km 1000 bila msaada. Nijiandaeje? (na kulala kwa shemeji inaruhusiwa?)

Mwanaziwa_Mwz

Wakuu salaam, niende moja kwa moja kwenye mada. Nipo Mwanza, naendesha baiskeli mwaka wa nne sasa, weekend napiga km 80 mpaka 120, safari yangu ndefu kuliko zote ni Mwanza hadi Shinyanga, nikarudi na basi kwa sababu makalio yaligoma. Sasa nimepata wazimu wa kwenda kwenye yale mashindano ya kuizunguka Rwanda mwezi wa pili, yanaanzia Kigali, kama km 1000, lami na vumbi, milima mitupu. Hakuna gari la kukufuata, hakuna wa kukupikia, saa haisimami hata ukilala.

Baiskeli yangu ni mtumba wa Dar, fremu ya alumini, mbele sproketi mbili meno 50 na 34, nyuma kubwa ni 28, tairi za milimita 32. Bajeti si kubwa, nina laki nane ya kuongezea vitu. Nilikuwa nafikiria ninunue kwanza zile begi nzuri za kwenye fremu na gurudumu la dinamo ili nisihangaike na chaji.

Maswali: hizo hela nianzie wapi? Nifanye mazoezi gani huku kwetu tambarare? Na la tatu msinicheke, nina dada ameolewa Huye, kusini mwa Rwanda, shemeji anasema nikipita nilale kwake nioge nile, hiyo inaruhusiwa au natolewa?

fundi_spoku

Mkuu hongera kwa wazimu, tunauhitaji.

Usiguse begi kwanza. 34 mbele na 28 nyuma kwa milima ya Rwanda na mzigo juu utasukuma kwa mguu mpaka uchoke kuitwa mwendesha baiskeli. Unatakiwa gia ndogo kabisa iwe chini ya moja kwa moja, yaani meno ya nyuma yawe mengi kuliko ya mbele, mbele 30 au 32 na nyuma 40 kwenda juu. Hapo hela yako ndipo inapoanza kwenda. Dereila (kile kichuma cha nyuma kinachohamisha cheni) ya zamani haitabeba sproketi kubwa hivyo kwa hiyo hesabu na dereila, na cheni ndefu zaidi. Ikibaki, tairi. 32 kule kwenye mawe ya volkano upande wa Musanze na Rubavu utarudi na rimu ya pembe nne, weka 40 au zaidi kama fremu inaruhusu, pima kwanza nafasi kwenye uma na nyuma kule kwenye cheni, usinunue kwa kubahatisha.

Kitu kingine watu wanasahau, kile kichuma kidogo kinachoshika dereila kwenye fremu, hanga. Fremu nyingi zina cha kwake, hakifanani na cha jirani. Baiskeli ikianguka upande wa kulia kinapinda au kinakatika na hapo safari imeisha, hutakipata Musanze wala Kariakoo. Agiza viwili sasa hivi, kimoja kifunge na tepu chini ya kiti. Spoku tatu za urefu wako funga kwenye fremu. Bleki pedi pea mbili za akiba, kwenye tope na mteremko zinaisha kama sabuni.

Na usijidanganye kwamba mafundi wapo kila kijiji. Wapo kweli na ni wazuri kuliko mimi, lakini wanatengeneza Phoenix, zile baiskeli za mizigo. Tyubu ya Phoenix unaweza kuilazimisha iingie kwenye tairi yako lakini valvu yake nene haipiti kwenye tundu la rimu yako, nimeona mtu amekaa chini ya mwembe masaa matatu kwa sababu ya hilo tundu tu. Beba tyubu zako mbili, viraka, solusheni mpya (sio ile iliyokauka tangu mwaka juzi), na ile adapta ndogo ya shaba ya kugeuza valvu nyembamba ili pampu yoyote ya kijijini ikukubali. Haifiki hata gramu tano.

KerioClimber

Niaje, Mkenya hapa. Fundi amesema yote kuhusu gia, mimi niongeze ya milima. Mimi nafanyia Iten, nashuka mpaka chini Kerio napanda tena, Iten iko karibu mita 2400 na chini pale ni kama nusu yake, ukirudia mara mbili kwa siku utajua wewe ni nani. Wewe ukiwa Mwanza, chukua likizo ya siku nne uende Mombo upande Lushoto, ni km 33 hivi za kupanda, panda na mzigo wote, shuka, kula, panda tena. Kama huwezi kufika huko basi tafuta kilima kimoja cha Mwanza chenye mawe hata kama ni dakika sita, rudia mara ishirini, boring lakini inafanya kazi.

Pia watu huku kwetu wanachanganya. Yale ya Maasai Mara, Migration Gravel Race iliyoanza 2021, hiyo ni ya hatua, siku nne, jioni unafika kambi unapata chakula na tent. Ni ngumu sana lakini ni kitu tofauti. Hii yako hakuna jioni. Kuna saa tisa usiku uko peke yako, baridi, na chapati ya mwisho ulikula saa tano.

Dinamo achana nayo bro. Ukipanda kwa spidi ya km 7 kwa saa haichaji kitu, inahitaji kama 12 kwenda juu ndio iamke, na Rwanda nusu ya maisha yako utakuwa kwa 7. Chukua pawabenki ya mAh 20,000, mbili kama unaogopa, na chaja ya kasi ya kuchomeka ukiwa unakula.

dada_breve

Habari zenu. Mimi ni mtoto wa Tanga nipo Ujerumani, sijafanya Rwanda lakini nimemaliza breve za 200, 300, 400 na 600. Kwa wasiojua, breve sio mashindano, ni safari ndefu yenye muda wa mwisho, ya 600 unapewa masaa 40. Naandika kwa sababu naona wote mnaongelea vyuma.

Kilichonitoa jasho kwenye 600 haikuwa miguu. Ya kwanza ni tumbo. Mwili ukiwa kwenye kazi hiyo unataka wanga kama gramu 60 kila saa, kila saa, hata usiku ambapo hutaki kuona chakula. Ndizi mbivu moja kubwa ni kama 25, soda ya nusu lita ni 50 na ushee. Piga hesabu ya masaa 16 uone. Kwa hiyo mazoezi ya kula ni mazoezi kamili, ukiwa njiani Mwanza jizoeshe kula chapati, viazi, mayai, mandazi ukiwa juu ya baiskeli, ujue kipi kinakaa na kipi kinarudi. Rwanda utapata hivyo vyote mchana, na zile sehemu zao za maziwa, agiza kivuguto, mgando wao ule, utanishukuru. Ila usiku vijiji vinafunga mapema na ukiingia Nyungwe ni karibu km 50 za msitu hakuna duka, juu kule unafika mita 2500 na mvua ya baridi, kwa hiyo ukifika kijiji cha mwisho usiseme nimeshiba, nunua. Soma pia maelekezo ya waandaaji kuhusu kupita msituni usiku. Beba na paketi kadhaa za ORS, bei ya pipi na zinashinda vidonge vya bei mbaya.

Ya pili ni makalio, na wewe umeshayataja mwenyewe, usiyapite. Hiyo ya Shinyanga ilikuwa onyo. Kaptura ya pedi bila chupi ndani (ndio, bila), mafuta ya kutosha kabla hayajaanza kuuma sio baada, kaptura mbili unabadilisha, na ukipumzika unajifuta na wipes unakausha. Kama kiti hakikufai kwenye km 160 hakitakufaa kwenye 1000. Mikono pia, vidole viwili vya mwisho vikianza ganzi ongeza tabaka la tepu kwenye usukani na badilisha mshiko kila mara, mimi baada ya 600 sikuweza kufunga vifungo vya shati wiki mbili.

Ya tatu usingizi. Kilomita ya 430 niliona ng'ombe mweupe amelala katikati ya barabara nikafunga breki zote mbili, kumbe ni mstari wa pundamilia. Hapo nilishuka nikalala kibanda cha basi dakika 25. Usiteremke mlima ukiwa na usingizi, kupanda sawa, utaanguka kwa heshima. Kuteremka hapana.

KerioClimber

😂😂 kuanguka kwa heshima

mzee_wa_phoenix

Vijana, mimi 1986 nilibeba mikungu mitatu ya ndizi kutoka kijijini hadi mjini kila wiki, hakuna jipiesi wala kaptura ya pedi. Sisi tulikuwa tunaita maisha. Anyway Rwanda wanapita kulia, kumbuka hilo.

dada_breve

Shikamoo mzee. Hilo la kulia umelisema kama utani lakini ni zito. Mchana utakumbuka, ila ukiamka usingizini saa kumi usiku na kuingia barabarani peke yako, mwili wa Mtanzania unakwenda kushoto wenyewe. Bandika kikaratasi kwenye usukani, KULIA, kwa herufi kubwa.

fundi_spoku

Na mifuko ya plastiki Rwanda ni marufuku tangu 2008, usifunge nguo zako kwenye rambo kama tunavyofanya huku, watakunyang'anya Rusumo mpakani. Tafuta begi la turubai jepesi lisilopitisha maji, fundi cherehani yeyote wa maturubai Mwanza anakushonea ukimchorea, ndio maana nilisema usinunue begi.

Mwanaziwa_Mwz

Nashukuru sana wakuu, nimeandika yote kwenye daftari. Ila swali la shemeji mnalikwepa.

dada_breve

Hatulikwepi, jibu lake halipendezi. Msingi wa michezo hii ni mmoja, unaruhusiwa kutumia kitu ambacho kila mshiriki anaweza kukipata. Gesti, hoteli, duka, fundi wa barabarani, mama ntilie, ruksa, lipa. Kitanda cha shemeji yako mimi na Mjerumani mwenzangu hatuwezi kukipata, kwa hiyo hapana. Hata akikuletea maji barabarani ni msaada uliopangwa. Kukaa nyuma ya mtu akukingie upepo nako hapana, kama hamjajiandikisha wawili.

KerioClimber

Lakini hapa ndio mimi huwa sielewi kabisa hizi sheria zilitungwa wapi. Ukipita kijiji cha huku mtu hakujui anakwambia karibu chai, utamwambia hapana nipo kwa mashindano? Hiyo ni matusi. Na watoto wa Rwanda wakiona baiskeli inapanda wanakuja kumi wanakusukuma mgongoni, hujaomba.

dada_breve

Chai ya mtu usiyemjua, hajapangwa, angemkaribisha yeyote anayepita, mashindano mengi hayana shida nayo. Kosa ni kupanga. Waulize waandaaji kwa maandishi ulale usingizi. Watoto waambie asante waache, ukishindwa nguvu zao ni kumi na wewe mmoja.

fundi_spoku

Na usidandie lori kama wale wabeba ndizi wa Burundi. Treka, kile kifaa kinachoonyesha ulipo, inaonyesha na spidi yako, watu wako nyumbani wanaangalia nukta yako kwenye simu, wataona umepanda mlima kwa km 40 kwa saa watajua.

Mkuu, kitu kimoja tu kabla hatujafunga. Usiku mmoja mzima, na mizigo YOTE utakayobeba, kabla hujalipa hata nauli ya kwenda Kigali. Sio nusu ya mizigo. Kisha rudi hapa utuambie kilichoharibika. Usiende njia ya Lamadi hadi Bunda usiku, pale ni pembeni ya Serengeti na wanyama wanavuka.

Mwanaziwa_Mwz (wiki tano baadaye)

Wakuu nimerudi. Nimefanya Mwanza, Magu, Ngudu, Hungumalwa, Misungwi, nyumbani, km mia mbili na ushee, niliondoka Ijumaa saa mbili usiku. Gia mpya nimefunga, 30 mbele 42 nyuma, kitu cha kwanza nilichojua ni kwamba naweza kwenda taratibu kuliko mtu anayetembea na bado niko juu ya kiti.

Vilivyoharibika: begi la mbele nililoshonewa lilikuwa linashuka kidogo kidogo mpaka likagusa tairi, baada ya Magu nikasikia harufu ya kuungua nikadhani ni nyumba ya mtu kumbe ni mimi, tundu la ukubwa wa sahani, jaketi la mvua limeliwa mkono mmoja. Taa niliiweka kali muda wote ikazima saa sita usiku, nilikuwa sijui kwamba kwenye kupanda unaipunguza. Pawabenki ilikuwepo, waya wake ulikuwa mezani sebuleni. Chapati nne nilizofunga na karatasi zililowa mafuta, mbili nikala, ya tatu ikarudi kule Ngudu, dada asante kwa onyo, sasa najua mimi ni mtu wa viazi na mayai. Saa kumi nikalala kwenye benchi la sheli dakika arobaini, mlinzi akanifunika na kabuti lake bila kuniamsha (hakupangwa huyo). Hungumalwa asubuhi nikanywa uji vikombe vitatu mfululizo mama akaniuliza natoka hospitali?

Makalio yapo. Kiti nimebadilisha, mtumba mwingine, pana kidogo nyuma.

Shemeji nimemwambia, amenuna. Dada ndio mgumu, anasema yeye hajasaini sheria ya mtu, atasimama barabarani na chupa ya togwa aone nani atamkataza. Nimemwambia asimame mikono mitupu apige vigelegele, hajajibu mpaka leo.

@fundi_spoku hanga nimepata moja tu, ya pili wanasema wiki tatu. Nisubiri au nijaribu kuchongesha kwa watu wa aluminium?

fundi_spoku

Subiri. Ya kuchonga itakaa wima siku ya kwanza tu. Na huo waya funga na uzi kwenye pawabenki yenyewe.