Santuri za dansi za zamani (78 na 45): sindano ipi, kuvu nisafisheje, na kwa nini wimbo unajikokota?

BintiNdoro (Lindi)
Wakuu, habarini. Kuna sanduku la santuri za dansi nataka kuzisikiliza na kuzihamishia kwenye kompyuta. Nyingi ni ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika): Kilwa Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, NUTA. Chache ni kubwa, nzito, za 78, na mbili kati yake zina lebo ya HMV (kampuni ya Uingereza) na namba zinazoanza na GV. Karibu nusu zina kuvu jeupe. Pleya niliyonayo ni ile ya kimkoba, spika ndani, swichi ya 33, 45 na 78, na nyuma ina matundu mawili ya kutolea sauti. Maswali:
1. Sindano yake inafaa kwa zote?
2. Kuvu nifute kwa spiriti?
3. Nyimbo zinajikokota na sauti ya mwimbaji inakuwa nzito. Santuri zimechoka au pleya?

FundiMikindani
Dada, hiyo spiriti iweke mbali kwanza. 78 za zamani ni za shelaki (aina ya utomvu mgumu), na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Ukipitisha kitambaa mara moja tu, ule mng'ao unaondoka pamoja na mifereji ya sauti, na hakuna namna ya kuirudisha.

Kuzitofautisha ni rahisi. Shelaki ni nzito, ngumu, haipindi hata kidogo, na ukiigonga kwa kucha inalia kama kigae. Ikianguka imevunjika. Zile 45 ni vinaili (plastiki), nyepesi, zinanepa kidogo.

Kusafisha: nunua maji yaliyokenekwa (distilled), haya ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa, maana rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri. Lita moja ya maji, matone mawili ya sabuni ya vyombo, basi. Kwanza toa kuvu kavu kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba, umevaa barakoa. Kisha lowesha kitambaa cha maikrofaiba, kamua, ufute kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate kutoka katikati kwenda ukingoni. Lebo isiguswe na maji. Rudia kwa maji matupu ili sabuni isibaki, maana sabuni iliyokauka mferejini inanguruma kuliko hata vumbi. 45 unaweza kuilowesha vizuri. Shelaki ni ya kupangusa tu na kukausha palepale, kwani imechanganywa na unga wa mawe unaonyonya unyevu. Zisimamishe kivulini zikauke. Juani zitapinda, hasa 45.

Majalada ya karatasi yenye kuvu usiyarudishe. Piga picha yale yenye maandishi, halafu tumia mapya.

Sindano: hapana, haifai kwa zote. Mfereji wa 78 ni mpana, unataka sindano yenye ncha ya maikroni 76 hivi. Ya 45 na LP (santuri kubwa za 33) ni maikroni 18 hadi 25. Ukiweka sindano nyembamba kwenye 78 inazama hadi chini kabisa ya mfereji, inaburuza uchafu, na unasikia mchakacho mwingi kuliko bendi. Ukiweka nene kwenye 45 inaelea juu na kukwangua kingo. Geuza mkono wa pleya uangalie chini ya katriji (kichwa kinachoshika sindano). Nyingi za siramiki za zamani zina kijiti cha kugeuza, upande mmoja 78, upande wa pili LP. Kama hakuna kijiti, una sindano ya LP tu. Cheza 45 na uache 78 hadi upate ya pili.

Na tafadhali, mtu asikushawishi kucheza 45 kwenye gramafoni ya kuzungusha mkono. Ile inakandamiza gramu mia na zaidi kwa sindano ya chuma. Vinaili inataka gramu 2 hadi 5 kutegemea katriji. Wimbo mmoja tu na santuri imekwisha.

Shangani45
Nijibu la kujikokota. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa kisahani, weka santuri juu, shusha sindano (sindano ikiwa juu kipimo kinakudanganya), uhesabu mizunguko kwa saa ya simu. Kwenye 45 lazima upate 45 kwa dakika kamili. Kwenye 78 macho hayawezi kufuata kwa muda mrefu, hesabu sekunde 30 upate 39.

Ukipata 43 au 44, ni mkanda wa mpira unaozungusha kisahani umelegea au umekuwa na utelezi. Pleya nyingi za kimkoba zina mota ya DC yenye skrubu ndogo ya kurekebisha kasi, iko ndani ya kitundu kwenye kitako cha mota. Geuza robo robo kwa bisibisi ndogo. Ukipata 37 na nusu, hilo ni jambo jingine: pleya ya mota ya AC iliyotengenezwa kwa umeme wa hezi 60, na wetu ni 50. Skrubu haitasaidia, unahitaji puli ya hezi 50. Baadhi ya zinazotoka Japani zina tabu hii, na zinataka pia transfoma ya kushusha volti 230 hadi 100.

Usipime kasi kwa gitaa. Nusu toni ni kama asilimia 6 ya kasi, kwa hiyo tofauti unaisikia kweli, lakini bendi zile hazikulazimika kutyuni kwa kipimo kimoja. Unaweza kuisahihisha santuri iliyokuwa sahihi.

MwalimuMasasi
Kwenye kompyuta tumia Audacity, ni bure. Pitisha sauti kutoka matundu ya nyuma ya pleya kwenda kwenye kadi ya sauti ya USB. Tundu la maiki la laptop aghalabu ni la chaneli moja na linakuza sauti kupita kiasi, saksafoni zitapasuka. Hezi 44,100, biti 24, kilele kisivuke −6 dB. Rekodi stirio hata kama santuri ni mono, kisha sikiliza kila chaneli peke yake. Zikifanana, zichanganye kuwa moja, mkwaruzo mwingi unapungua. Upande mmoja ukiwa umelika zaidi, utupe, ubaki na mzuri.

Mwisho weka kipunguza kelele kama 12 dB, sauti inakuwa safi kama ya leo.

Shangani45
Mwalimu, hapo kwenye 12 tutagombana. Mvumo wa santuri (ule wa "ssss") umekaa juu kabisa, kwenye sauti nyembamba, na manyanga nayo yako hukohuko. Programu haijui kipi ni kelele na kipi ni mpigaji. Ukifuta mvumo kwa nguvu unafuta manyanga, unafuta ule ukucha wa gitaa la solo unapogusa waya, na mwimbaji anabaki kama anaimbia ndani ya pipa. Muziki huu uzito wake uko kwenye gitaa mbili tatu zinazojibizana. Saboso, mtindo wa Western Jazz, ukiiondolea gitaa la pili, umebaki na nini?

Ondoa milio ya "pap" mmoja mmoja kwa kukuza mchoro wa wimbi na kurekebisha hapohapo. Ukitaka lazima kupunguza mvumo, 4 hadi 6 dB, na hata hivyo weka nakala ghafi ya WAV pembeni.

MwalimuMasasi
Hoja ya manyanga naikubali. Ghafi ibaki.

BintiNdoro
Asanteni sana. Nimehesabu, imetoka 43. Kwenye katriji hakuna kijiti. Je, wimbo ulioandikwa "1" na "2" pande mbili niuunganishe? Na hizo GV ni bendi gani ya huku?

Shangani45
43 ni mkanda. Ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo (hapa spiriti ruksa, iache ipepee kwanza), ukishindwa badilisha.

Usiunganishe. Upande wa 45 ulibeba dakika tatu na kitu, kwa hiyo mashairi yapo A na chemko (sehemu ya kuchezea yenye solo) lipo B. Watu wengi wanahamisha A tu, wanapoteza solo. Hifadhi mafaili mawili, na kwenye jina andika namba iliyochongwa karibu na lebo. Bendi ilikuwa ikirudia wimbo uleule RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), na rekodi ya redio si hii uliyonayo. Santuri za bendi zetu kwa kawaida zilitengenezwa Nairobi.

GV si za huku. Ni mfululizo wa HMV ulioanza 1933, hasa rekodi za Kuba zilizouzwa Afrika. Rumba ilizifikia bendi za Dar kupitia santuri hizo pia. Ni shelaki, zisubiri sindano yake.

FundiMikindani
Nyongeza ya 78: priampu (vikuza sauti vya awali) za kawaida zimepangwa kwa RIAA, kipimo cha 1954 cha kusawazisha besi na sauti za juu za santuri. Santuri ya kabla ya hapo itasikika yenye besi nyingi na juu imefifia. Rekebisha kwa ikwalaiza baada ya kurekodi. Kuhifadhi: zisimame wima, mbali na dari ya bati, na kuanzia Desemba hadi Aprili tia vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu. Sanduku lisifungwe kabisa, liache lipumue.